Sauti Chini ya Ghala la Anthusa

Haya yalimpata Evdokia, shoga yake mama yangu, siku chache kabla Waturuki hawajauteka mji wa Konstantinopoli. Adui alikuwa akichimba chini ya ukuta wa mji, na Leo, mume wa Evdokia, aliwekwa kusikiliza katika ghala lililo chini ya nyumba ya mjane Anthusa. Aliwekewa beseni la maji sakafuni; maji yakitetemeka kwa uchimbaji, apige kengele.

Evdokia aliliwa na wivu. Mchana mmoja alimpelekea mkate, akasikia mwanamke akicheka huko chini.

"Anthusa! Muache mume wangu!"

"Makubwa!" Anthusa alijibu nyuma yake, kabeba ndoo. "Mimi natoka kisimani, bibie. Na huyo mumeo simtaki, anakoroma mpaka kuku wanakimbia."

Evdokia alishuka gizani akipapasa ukuta. Kando ya kibatari, Leo alikuwa peke yake, kalala kifudifudi, sikio sakafuni, akitabasamu kama bwana harusi. Maji yalikuwa yametulia tuli.

"Unaongea na nani?"

"Nyamaza. Mke wangu anazungumza."

Evdokia alimsukuma, akalala, akatega sikio. Chini ya mawe, karibu kabisa, mwanamke alinong'ona kwa uchungu, kwa sauti ya Evdokia mwenyewe: "Leo, huyo aliyeshuka ni nani?"