Nusu ya Paddy

Huku kwetu Masaba tunakula saa saba. Mama yetu Taaka anapakua ugali wa wimbi, mukene, wale dagaa wetu, na mboga. Wakati ule shemeji yangu Harriet, mke wa kaka Matayo, alikuwa anagawa chakula yake. Nusu anakula. Nusu anapeleka nyuma ya migomba, kwa kaburi ya Paddy.

Paddy alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alizaliwa na kilo moja na nusu, mwili baridi kama chura. Siku ya nne akaisha. Mama akamwota analia njaa. Akasema Paddy asipopewa chakula, atamchukua mwenzake. Na Harriet alikuwa na mimba ingine, miezi sita.

Sasa sikia. Ile sahani ilikuwa inarudi safi. Siku moja nikakaa kuangalia. Mbwa hakuna, kuku hakuna. Upepo hakuna, lakini majani yanacheza. Nikasikia mtu ananiita, nikageuka. Hakuna mtu. Kurudisha macho, sahani tupu. Nilitoka mbio, sidanganyi.

Harriet naye mashavu yaliingia ndani. Majirani wakasema iko kitu inamkula polepole.

Akaja Alungat, mama wa afya wa kijiji, na mizani yake. Akampima Harriet. Akaangalia kadi ya uzito, akampima tena.

"Mwezi uliopita kilo hamsini na moja," akasema. "Leo hamsini na moja. Hii mimba inakula nini?"

Mama akamwambia yote, ndoto na sahani. Nilidhani Alungat atacheka. Hakucheka. Akaenda kusimama kwa kaburi mpaka mimi nikasikia baridi na jua iko juu.

"Mama Taaka," akasema, "nani anakula hapa, mimi sijui. Lakini huyu wa tumboni anakula kwa sahani ya Harriet peke yake. Mkimpa nusu, atazaliwa nusu."

Akatueleza. Mama mwenye mwili wa kawaida anaongeza kama kilo kumi na mbili mpaka kuzaa. Kutoka mwezi wa nne, karibu nusu kilo kila wiki. Asipoongeza, mtoto anaweza kuzaliwa chini ya kilo mbili na nusu. Huyo anashikwa na baridi haraka, na kunyonya hana nguvu. Harriet ale chakula yake yote, aongeze kidogo kila siku: yai, karanga, maharagwe. Na aende kliniki, maana malaria na minyoo pia vinazuia uzito.

Harriet akasema pole pole, "Mimba ya Paddy nilikula mara moja kwa siku. Nilitaka mtoto mdogo, nisipasuliwe tumbo."



Kesho yake saa saba Harriet alimaliza sahani yote. Huko nyuma majani yakaanza kucheza. Mama akainuka, akaenda kwa kaburi mikono mitupu. Tukamsikia anaomba, "Paddy, mwachie mwenzako."

Majani yakatulia.

Kliniki wakampa Harriet dawa ya minyoo na ya kuongeza damu. Mwezi uliofuata, kilo hamsini na tatu. Wakati wa kuzaa, hamsini na saba. Alizaa huko kliniki bila kupasuliwa, msichana wa kilo tatu na robo.

Mama Taaka akampokea. Mikono yake ikashuka kidogo.

"Huyu ni mzito," akasema. Akakaa chini, akalia.