Wageni Wanne wa Verlie

Kila asubuhi Verlie Stidham alikanda unga wa mikate, akachemsha kahawa, akamfokea paka. Lakini tangu majani yaanze kudondoka milimani, jikoni mwake kulikuwa na wageni.

Walikuwa wanawake wanne wenye kofia pana na makoti ya kizamani. Walisimama kando ya friji, kimya, wakimtazama. Uso wake mwenyewe Verlie aliuona kama ukungu kwenye kioo. Vifungo vya makoti yale aliviona kimoja kimoja, na hilo lilimtisha kuliko yote.

Katika milima ile ya Kentucky, wafu wakikujia kimya, wamekuja kukuchukua. Usiwasemeshe, wala usiwataje. Ukiwataja, umeharakisha safari. Basi Verlie akafunga mdomo. Akashona gauni la kuzikiwa kwa kupapasa, akaanza kugawa mablanketi yake ya viraka.

Binti yake Wilma akamjia juu.

"Mama, unagawa vitu kama mtu anayehama?"

"Vinanibana tu."

"Na maharage haya umeyatia sukari. Macho hayo, Mama. Twende ukapimwe."

"Nani atanipima? Kule mjini walinirudishia kadi yangu ya bima ya serikali, eti hawaipokei."

"Yule muuguzi mpya anaipokea. Ameandika mlangoni kabisa."

Verlie alikubali shingo upande. Aliogopa akisema anachokiona, ataitwa mwehu na kupelekwa nyumba ya wazee. Afadhali afie nyumbani kwake.

Muuguzi huyo, Renita Hoskins, alikuwa amesoma zaidi ya wauguzi wengine. Alipima wagonjwa wa rika zote na kuwaandikia dawa.

"Kadi hii ni halali, Bibi," alisema. "Siku nyingine, kabla hujatoka nyumbani, piga simu uulize kama wanaipokea. Si kila mahali wanaipokea."

Akampima presha na mkojo. Akaangalia dawa anazomeza. Akamuuliza tarehe na majina ya wajukuu. Mwisho akammulika machoni.

"Una mtoto wa jicho, macho yote mawili," alisema. Kisha akashusha sauti. "Bibi, kuna watu unaowaona, ambao wengine hawawaoni?"

Verlie alitazama kwenye mzani wa kupimia uzito, nyuma ya muuguzi.

"Yupo mmoja nyuma yako," alisema.

Wilma, aliyekuja naye, aligeuka kutazama. Renita hakugeuka.

"Anasema chochote?"

"Hasemi kamwe. Ana kofia ya bluu."

"Na unadhani ni nani?"

"Kifo changu, mwanangu."

Renita akamshika mkono. "Hapana. Macho yakikosa kuona, ubongo hujichorea picha wenyewe. Si wazimu, wala si wafu. Wazee wengi wanaona hivi, na wengi wananyamaza. Kunyamaza ndiko kubaya, kwa sababu wakati mwingine picha hizi huletwa na dawa, au maambukizi, au ugonjwa mwingine. Ndiyo maana nimekupima vyote hivi, na sioni tatizo jingine."

"Mtanipeleka nyumba ya wazee?"

"Kwa macho tu? Nakupeleka kwa mpasuaji wa macho. Naye anapokea bima yako. Itagharamia sehemu kubwa."

Verlie alilia kama mtoto. Miezi yote ile alikuwa akingoja kufa.

Alipasuliwa jicho moja, likapona, kisha la pili. Wale wanawake wakafifia kidogo kidogo, kama moshi, hadi asubuhi moja jikoni akabaki paka peke yake.

Mwezi wa Mei ukoo wote ulipanda kilimani kusafisha makaburi na kula pamoja. Verlie, sasa akiona hata wadudu kwenye majani, alimtazama kaka yake Arlis. Mzee huyo alikuwa akitembea kwa fimbo kwenye njia tupu. Ghafla akasimama, akavua kofia, akasogea pembeni kama anayempisha mtu. Hapakuwa na mtu. Watu wakacheka, wakasema Arlis amelewa.

Verlie hakucheka. Alimwendea, akamshika kiwiko.

"Wako wangapi, kaka?"

Arlis alitazama huku na huku.

"Saba," alinong'ona. "Verlie, umeniua kwa kuniuliza."

"Hujafa. Kadi yako ya bima iko wapi? Kesho tunakwenda kwa Renita."