Sala Chini ya Mngurumo

Wabwire alikutwa amekufa kifudifudi mezani, nyumbani kwake mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, povu mdomoni. Kando yake kikombe cha chai na redio kaseti. Daktari wa polisi alisema ni sumu ya panya.

Na nani hupika chai nyumbani? Mke! Basi mkewe Phelister akatupwa seli, maziwa yakimvuja kifuani, mtoto wake mchanga akilia kwa jirani. Kesho angefikishwa mahakamani kwa mauaji.

"Afande, mimi nilikuwa soko la Jericho! Haki ya Mungu!"

Inspekta Shitanda alimwamini, lakini ushahidi je? Kaseti tu. Wabwire, mwalimu wa kwaya, alikuwa akijirekodi akifanya mazoezi, na redio haikuzimwa. Shida ni kwamba mashine ya kusaga unga ya jirani ilinguruma ikafunika kila kitu.

Akaikimbiza kaseti chuo kikuu kwa Bi Ndindi, mhandisi wa umeme.

"Mashine ina masafa yake, yaani kasi ya mtetemo wa sauti yake, hayabadiliki," alisema Ndindi. "Kompyuta itaichambua sauti masafa kwa masafa. Nafuta ya mashine, kisha kwa kinyume cha Fourier, hesabu ya kuunganisha masafa upya, yaliyobaki yanarudi kuwa sauti."

"Yote?"

"Kipande tu. Omba kiwe cha maana."

Kompyuta ilijivuta hadi Shitanda akamaliza kucha kwa kuzitafuna. Kisha, lo! Sauti ya Wabwire, nyembamba lakini safi:

"...Baba, asante kwa chai aliyotuletea ndugu Kiarie. Ubariki mikono yake..."

"Mama wee! Rudisha tena!" Shitanda aliruka. Walokole wa mtaa ule hawaonji kitu kabla ya kumwombea kwa Mungu mtu aliyekiandaa!

Kiarie, mpiga kinanda wa kwaya, aliletwa kituoni mbio.

"Siku ile ulifika kwa Wabwire?"

"Nilishasema, sikufika."

Shitanda akabonyeza kitufe. Kiarie akasikiliza, jasho likamtiririka.

"Mashine ilikuwa ikinguruma," alinong'ona. "Nilijua hakuna atakayesikia."

"Kwa nini, bwana?"

"Wimbo ulikuwa wangu! Niliutunga nilipomzika mama. Ukatoka kwenye kaseti ya kwaya kwa jina la Wabwire. Kanisa zima linampigia makofi, mimi niko pale nyuma na kinanda!"

"Na alipokuombea?"

Kiarie akainamisha kichwa.

"Nilifumba macho. Nikaitikia amina."

Shitanda hakungoja karani aandike maelezo. Alinyakua funguo, akatimua mbio hadi seli.

"Toka, mama! Nenda ukamnyonyeshe mtoto!"