Kicheko cha Lusajo

Kisawazisha kilipowashwa hakikutoa hata mlio. Kilikuwa bamba dogo lililobandikwa nyuma ya sikio la Lusajo, mtoto wa miaka tisa ambaye hakuwahi kutamka neno. Kwenye skrini kubwa ya maabara, katika jiji jipya la Mbeya, picha ya seli zake ilianza kubadilika rangi.

Dakta Tumpale, aliyekiunda chombo hicho, aliijua picha ile kuliko uso wake mwenyewe. Ndani ya kiini cha kila seli, molekuli ndogo za RNA hufanya kazi ya fundi cherehani: hukata vipande visivyotakiwa katika ujumbe wa jeni, kisha huunga vilivyobaki. Lusajo alizaliwa na hitilafu katika jeni inayotengeneza mmoja wa mafundi hao, na ujumbe mwingi mwilini mwake ukakatwa kombo. Kisawazisha kiliizima jeni hiyo na kuiamsha jeni pacha yake, nzima, iliyokuwa imelala.

"Mafundi wanashona sawasawa sasa," Tumpale alimwambia mdogo wake Subilaga, mama wa mtoto.

Subilaga alipiga magoti palepale, akamshukuru Mungu.

Kifafa kilikoma wiki ileile. Lusajo alilala, akala, akanenepa mashavu. Lakini mchana mmoja mama yake alirudi maabara akimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, uso umemsawajika.

"Dada, mbona hacheki? Tangu mmfunge hiki kitu hajanichekea hata mara moja. Si unajua alivyokuwa? Nikimwinua tu asubuhi, anaangua kicheko."

Tumpale alikuwa na jibu tangu juzi, alipopitia upya mawimbi ya zamani ya ubongo wa mtoto. Alikuwa akitamani mtu mwingine alitoe.

"Suba, kaa kwanza."

"Sikai. Sema."

"Kuna aina ya kifafa inayomfanya mtoto acheke bila furaha yoyote. Ukimwinua, ubongo unashtuka, kinaanza. Kile kicheko kilikuwa ugonjwa, mdogo wangu."

Subilaga alimkodolea macho. "Kwa hiyo hakuwa ananichekea mimi?"

Tumpale aliinamisha kichwa.

"Watu waliponiambia mtoto hanijui, nilikuwa nawajibu, mbona ananichekea. Miaka yote hiyo, dada." Akamgeukia mtoto, kisha dada yake tena. "Kizime. Nirudishie kicheko chake."

"Nikikizima, kifafa chote kinarudi. Kile cha mwisho nusura kimuue. Ulikuwepo."

Mkono wa Subilaga ulikwenda nyuma ya sikio la Lusajo, ukagusa bamba, ukatulia hapo. Kisha akaushusha, akamfuta mtoto mate kidevuni kwa ncha ya kitenge.

"Kiache," alisema. "Tupishe kidogo."

Tumpale alitoka. Kupitia ukuta wa kioo alimwona mdogo wake akichuchumaa mbele ya kiti, ameshika miguu ya mtoto aliyekuwa akitazama dirishani. Mlango haukuwa umefungwa vizuri, na sauti ilimfikia.

"Hujambo, Lusajo," Subilaga alisema. "Mimi naitwa Subilaga. Mimi ndiye mama yako."