Sitaigiza Kamuti

"Mimi hiyo sifanyi."

Wavinya alifungua leso kiunoni akaitupa mezani. Walikuwa wakirekodi sinema katika nyumba waliyokodi Katelembo.

"Hufanyi nini?" akauliza Lenny, mwongozaji.

"Kumwekea mdosi aliyeniandika kazi dawa ya kamuti kwa chai ndio anipende, aache bibi yake. Kila sinema mimi ni mboch wa kufua na kupika, Mkamba anaroga bwana za watu. Hakuna daktari Mkamba? Hata mwizi wa benki?"

Lenny akacheka. "Uliza mchumba wako. Yeye ndiye mwandishi."

Mutuku alikuwa mlangoni. Harusi yao ilikuwa Desemba.

"Ni wewe uliongeza hii?" Wavinya akamuuliza.

"Jana. Lenny alitaka kitu ya kuchekesha. Wavinya, nilikupea maneno mengi kuliko wote..."

"Mamangu amelea watoto wa watu Nairobi miaka yote. Aliroga nani?"

Wavinya akachukua mkoba, akaenda.

Mwigizaji mwenzake, Carol, akapewa nafasi yake. Alipoanza kuigiza lafudhi ya Kikamba, watu walivunjika mbavu. Mutuku naye alicheka, halafu akashindwa kujua amecheka nini, maana mamake mzazi huongea vivyo hivyo.

Jioni akamtumia Wavinya ujumbe: "Umeacha sinema ama umeniacha mimi?"

"Sijui," likaja jibu. "Ukiniangalia huwa unaona nani?"

Akapiga simu. Haikushikwa.

Jumamosi akaenda Mitaboni, nyumbani kwa kina Wavinya. Wavinya na mamake walikuwa uani wakichambua mbaazi.

"Nimeacha kazi ya Lenny," Mutuku akasema. "Amekataa kutoa hiyo sini ya kamuti."

"Unataka nikupigie makofi?"

"Hata sijui nataka nini. Nimejaribu kukuandikia mhusika mwingine. Nikianza, sioni kitu."

"Kwani umewahi kuuliza mtu?"

"Na hiyo sinema itaonyeshwa lini?" Mama akaingilia. "Nilitaka kuona msichana wangu."

Wavinya akashika kichwa. "Mama, uko upande wa nani?"

"Wako. Lakini pia nilitaka kuona."

Mutuku akachuchumaa mbele ya mama mkwe wake mtarajiwa.

"Mama, ukiwa kazi Nairobi, ulikuwa unatamani nini?"

Mama akaendelea kuchambua.

"Gari. Ile ya mama wa nyumba. Wakisafiri, nilikuwa nawasha, naenda mbele, narudi nyuma. Siku moja nikajifungulia geti, nikatoka."

"Mama!" Wavinya akaruka, mbaazi zikamwagika. "Unajua kuendesha gari?"

"Kiasi."

Wavinya akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha hayakutaka kukoma hata kicheko kilipoisha. Mutuku hakujua amshike ama amwache. Akabaki amechuchumaa hapo hapo.

Mwishowe Wavinya akamsukumia kiti kwa mguu.

"Kaa. Desemba bado sijasema. Lakini huyo mboch wa gari, ukimwandika, ni nani ataigiza?"

"Wewe, ukikubali."

"Na mdosi je?"

"Hatuhitaji mdosi."

Wavinya akamshika mkono, macho akiyaelekeza kwa mamake.

"Mama, siku hiyo ulienda na nani?"

"Peke yangu," Mama akasema, akitabasamu. "Madirisha yote wazi."