Mbuzi Mashuhuri na Matobolwa ya Mzee Uwesu

Kila alasiri baada ya shule, Najiat alikuwa na kazi moja uani kwao Mtendeni, Tabora: kulinda matobolwa. Mama yake, Bi Mwanahawa, akishachemsha viazi vitamu, kuvimenya na kuvikata vipande, alivianika juani kwenye mkeka. Mlinzi alikaa kivulini na fimbo, akafukuza kuku, akageuza vipande, akangoja. Mengine yote yalikuwa kazi ya jua la Julai.

Shida ni kwamba Najiat, msichana wa miaka kumi na tatu, alikuwa bingwa wa kuota ndoto huku macho yakiwa wazi. Honi ya treni ikilia stesheni, basi, yeye ameshaondoka. Anaona vifurushi vyake vya matobolwa vimepanda behewa, vinapita Kigwa, vinapita Goweko, vinaifuata ile njia ya zamani ambayo mwalimu wa historia alisema wapagazi waliitembea kwa miguu hadi pwani. Na kila stesheni watu wanaita, "Matobolwa ya Najiat! Matobolwa ya Najiat!" Wakati huo kuku anadonoa zake taratibu.

Ndoto hiyo ilikuwa na chanzo. Binamu yake Abasi, aliyemaliza kidato cha nne, alikuja kutoka Dar es Salaam kukaa nao, akamfungulia ukurasa wa biashara mtandaoni kwenye simu ya mama. "Dogo, mwezi hauishi, una wafuasi elfu kumi," alisema. Mwezi ukaisha. Wafuasi walikuwa ishirini na watatu, na mmoja wao alikuwa mama mwenyewe.

Mteja wa kweli alikuwa mmoja tu, Bi Tatu, mzaliwa wa Tabora aliyeishi Morogoro. Alimnunulia baba yake, Mzee Uwesu, aliyefanya kazi reli miaka mingi. Sasa mzee alikuwa amechoka, kumbukumbu zimemtoka, na chakula hakitaki. Alikubali kutafuna matobolwa tu. Kila Bi Tatu alipoagiza, Najiat alijibu, "Sawa, yanakuja," huku anaguna moyoni. Mteja mmoja! Alifungua simu mara thelathini kwa siku kuangalia kama namba ya wafuasi imepanda. Namba ikikataa kupanda, na yeye hamu ya kazi ilimwisha.

Jumanne moja, matobolwa ya Mzee Uwesu yalikuwa mkekani, yamekaribia kukauka, tayari kwa treni ya Ijumaa. Najiat alikuwa kivulini, ameinamia simu. Beberu mwenye ndevu na dharau, wa jirani yao Mama Anton, akaingia uani bila haraka, akapanda mkekani, akaanza kula. Abasi alimwona. Badala ya kumfukuza, akatoa simu yake na kumrekodi, akicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mama alipotoka jikoni, mkeka ulikuwa mtupu.

"Ewe Najiat! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa, mama."

"Mwili ulikuwa hapa. Mwenyewe je?"

Abasi akaiweka video ile kwenye ukurasa. Kufikia Jumatano jioni watu elfu arobaini walikuwa wameitazama. Najiat aliruka kwa furaha, akakaa kusoma walichoandika. "Huyo mbuzi kanikosha!" "Anaitwa nani?" "Tunataka sehemu ya pili!" Alisoma mpaka macho yakamuuma, akitafuta mtu aliyeulizia matobolwa. Hakumpata hata mmoja. Katikati ya kelele zile Bi Tatu akauliza kama mzigo uko tayari. Najiat aliona aibu kusema ukweli, akaandika, "Tayari, unaondoka keshokutwa."

Alhamisi, mama akiwa sokoni, Abasi akaja na mpango. Stoo kulikuwa na tenga moja la viazi lililobaki. "Tunachemsha, tunaanika, tunamwachia mbuzi. Sehemu ya pili hiyo. Dogo, utakuwa staa!"

Najiat akakubali. Wakachemsha, wakamenya, wakakata, wakaanika. Beberu hata hakuitwa, alikuja mwenyewe. Abasi akainua simu yake. Hapo simu ya mama, iliyokuwa mkononi mwa Najiat, ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Bi Tatu.

"Najiat mwanangu, baba leo kashinda barazani. Kila honi ikilia ananiuliza, 'Ya Tabora hiyo?' Namwambia bado, inatoka Ijumaa. Jana hakula kabisa. Nashukuru sana, mwanangu, Mungu akuweke."

Najiat akaondoka tena kimawazo kama kawaida yake, lakini safari hii hakuona umati wala hakusikia jina lake likiitwa. Aliona baraza moja na mzee mmoja, mikono mitupu mapajani. Aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka moto. Akachukua fimbo.

"Sss! Toka hapa!"

"We dogo, unaharibu!" Abasi alilalamika.

"Haya si ya mbuzi. Yana mwenyewe."

Mama aliporudi, alimweleza yote. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsukumia simu. "Mwambie Bi Tatu. Mimi sikumdanganya, uliyemdanganya ni wewe."

Najiat akarekodi. "Shikamoo, Bi Tatu. Nilisema uongo. Mbuzi aliyala yote nikiwa naangalia simu. Mengine yatapanda treni ya Jumatatu. Naomba unisamehe."

Jibu lilichelewa. "Marahaba. Nimeumia, sikufichi. Ungeniambia Jumanne, ningemtafutia kitu kingine. Haya, tutangoja."

Siku tatu Najiat alilinda mkeka, simu ikiwa ndani. Kwa mara ya kwanza aliyatazama matobolwa yenyewe: yalivyojikunja kingo, yalivyoiva rangi, yalivyonukia utamu jua likipanda. Alishangaa kwamba siku zilikuwa fupi. Hata Abasi aliona haya, akajenga uzio wa miti kuuzunguka mkeka.

Wiki iliyofuata ukaja ujumbe wa sauti. Kwanza ilisikika mtu akitafuna, taratibu sana. Halafu sauti ya kizee: "Itigi... Tura... Goweko... Kigwa..." Akatafuna tena. "Tabora. Tumefika."

Bi Tatu alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Tangu Ijumaa hajasema neno! Sasa anauliza nani kayapika."

"Na-ji-at," ile sauti ya kizee ikarudia jina lake polepole.

Najiat akalia. Mama akamfuta machozi kwa upande wa kanga.

"Mwanangu, watu elfu arobaini walimpenda mbuzi. Kesho watampenda paka. Ukifanya kazi kwa ajili ya namba, siku namba ikilala na wewe utalala. Ifanye vizuri mpaka wewe mwenyewe uipende, na umkumbuke anayekungoja. Wateja wakiongezeka, alhamdulillahi. Akibaki huyu mmoja, bado asubuhi utaamka na hamu ya kazi."

Stesheni honi ikalia. Najiat akaondoka zake, behewa hadi behewa, akipita Kigwa, akipita Goweko. Lakini mkono wake haukuacha kugeuza vipande, na beberu alipochungulia uzioni, alimkuta anamtazama.