Chupa ya Mama Kabatini

Kila Pasaka, asubuhi katika nyumba yao ya mlimani zilianza vilevile. Baba yake Tiril, Asgeir, aliwasha jiko la kuni, naye Tiril alijaza ndoo theluji ya kuyeyusha. Kisha walivaa skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, wakatoka. Mchana ukifika, mlima mzima ulikuwa na kazi moja tu: kukaa kwenye benchi lililoegemea ukuta wa mbao upande wa jua, kula machungwa na chokoleti, na kuliinulia jua uso. Anayerudi shule baada ya Pasaka bila jua kumgeuza ngozi kuwa nyekundu au kahawia, ole wake!

Bingwa wa benchi lile alikuwa Mama. Mwaka huu nafasi yake ilikuwa tupu. Saratani ya ngozi ilimchukua kabla ya theluji ya kwanza kuanguka, na Tiril, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa bado hajazoea hata kidogo.

"Mbona mweupe hivyo kama maziwa?" binamu yake Eskil alimtania. "Shuleni watasema ulishinda Pasaka kitandani."

"Niache bwana!"

"Tiril," Baba aliita kutoka jikoni, "umepaka mafuta ya kukinga jua?"

"Nimepaka, Baba."

Na kweli alikuwa amepaka, ila si yale aliyonunuliwa. Kabatini, nyuma ya viberiti, alikuwa ameikuta chupa ya zamani ya Mama. Alipoifungua, jamani, ikamjia ile harufu ya nazi aliyoisikia kila alipokumbatiwa. Akajipaka usoni na shingoni. Akaketi mahali pa Mama, akafumba macho, na mchana ule hakujiona mpweke.

Jioni uso ulimwaka moto. Alikuwa ameiva kuanzia kwenye paji hadi chini ya kidevu, na puani malengelenge yameanza kutokeza. Baba alipomwona alikaa chini ghafla.

"Na wewe tena? Hapana. Si wewe pia."

Akalowesha kitambaa kwa maji ya baridi, akamwekea usoni taratibu, akampa na maji ya kunywa. "Usiyapasue hayo malengelenge," alisema. Kisha akafungua begi. Chupa mpya ilikuwa haijaguswa.

"Umenidanganya, mwanangu."

"Nilipaka, Baba. Nilipaka ya Mama." Tiril alilia. "Inanukia yeye."

Baba aliichukua ile chupa akaigeuza. Machozi yalimlengalenga.

"Muda wake uliisha zamani. Na ona namba yake ya kukinga jua, sita tu! Hata ingekuwa mpya isingekufaa. Huku jua linakupiga kutoka juu, halafu theluji inalirudisha likupige kutoka chini. Ndiyo maana hata kidevu kimeungua."

"Sasa Mama aliitumia ya nini?"

"Alitaka jua limkolee. Na sisi tulimsifu. Mimi ndiye niliyetangulia, kila mwaka namwambia umependeza." Akamgeuzia kitambaa usoni. "Sikiliza, binti yangu. Chagua mafuta ya namba thelathini au zaidi, na huku mlimani hamsini. Yawe yanazuia aina zote mbili za miale ya jua inayodhuru ngozi, na muda wake uwe haujaisha. Jipake ya kutosha kabla hujatoka, hadi masikioni na chini ya kidevu, na urudie kila baada ya saa mbili. Vaa kofia, na jua kali la mchana ulikimbie. Na nikikuuliza umepaka nini, niambie ukweli. Mimi siwezi kukulinda na jambo nisilolijua."

"Nisamehe, Baba. Utaitupa?"

Baba alifungua kifuniko, akanusa, akafumba macho.

"Ulidhani unayeifungua ni wewe peke yako?"

Akairudisha nyuma ya viberiti.

Siku chache baadaye, uso wa Tiril ulipopoa, Baba alibeba benchi akalihamishia upande wa kivuli. Baridi ilikuwa kali. Walikaa na kofia zao, wakamenya machungwa. Eskil alipofika alicheka.

"Makubwa! Nani anakaa kivulini siku ya Pasaka?"

"Sisi," Tiril alijibu, akamsogezea chungwa. "Karibu ukae. Ila si hapo katikati. Hapo ni pa Mama."